Laptop Yangu Inamwogopa Fundi

Tuwekane sawa kwanza, maana tangu jana jioni simu yangu haitulii. Si kweli kwamba nimeifukiza laptop ubani. Shoga yangu wa kibanda cha miamala, aliyeipeleka habari mpaka kwenye grupu la upatu, ametia chumvi. Hapana, ngoja. Chumvi niliitia mimi mwenyewe. Yeye ametia ubani.

Mnaoijua steshenari yangu hapa Nyegezi mnajua ninavyofanya kazi. Mteja ananitumia makaratasi yake WhatsApp, nailaza simu pembeni ya kibodi, mkono wa kushoto, nasoma huku nachapa. Hapo pashikeni, mimi sikupashika.

Jumatatu asubuhi, katikati ya ripoti ya fildi ya mwanachuo mmoja mwenye haraka, nikaisogeza simu karibu nisome vizuri jina la msimamizi wake. Kioo kikaingia giza. Hakuna mstari wala rangi, giza la mgao wa umeme. Nikabonyeza kitufe cha mwangaza mpaka kidole kikauma. Wapi! Nikachukua simu nimpigie fundi. Haijaita hata mara mbili, kioo kimewaka, ripoti ipo palepale kwenye koma niliyoiacha. Nikakata. Nikarudisha simu mahali pake. Giza. Nikachukua simu nimpigie tena. Mwanga.

Mara nne siku hiyo, na kila mara ikipona nikitaka kumpigia fundi. Mwanachuo akasema, "Dada, inamwogopa." Na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kompyuta ukutani, nikakubali.

Jumanne nikajifanya mtaalamu. Kuna kipimo cha tochi: unamulika kioo kwa pembeni, ukiona maandishi kwa mbali kama samaki chini ya maji ya tope, ujue kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Sawa. Nikachukua simu niwashe tochi, laptop ikawaka. Nikamwambia mama lishe wa jirani, "Inaogopa hata tochi!" Msicheke bado.

Nikaazima waya wa HDMI kwa kinyozi, nikaunga kwenye TV yake. Picha ikaja safi. Nikailaza simu nichape kidogo, giza huku, giza na kule kwenye TV. Mwenye akili angejua hapo hapo kwamba kioo hakina kosa, maana TV ina kioo chake. Mimi nikaona ugonjwa unaambukiza, nikamrudishia kinyozi waya wake haraka asije akanidai TV. Na kile kitaa kidogo cha pembeni kilikuwa kinapepesa taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Nilikiona kwa macho yangu mawili.

Jumatano nikapanda daladala hadi mjini, kwa fundi wa Rwagasore. Laptop ikakaa saa nzima mezani kwake inang'aa kama bibi harusi. Akasema labda ni ule waya wa kioo unaopita kwenye bawaba, labda kioo chenyewe, nijiandae na 180,000. Nikarudi nimenyong'onyea. Nimefika ofisini, nimeweka simu, giza. Ndipo mama lishe akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii si ya fundi," akanipa chumvi ya mawe kwenye kikaratasi. Nikainyunyiza chini ya laptop. Nyingine, nadhani, ikaingia kwenye matundu ya feni.

Sasa jana. Kibandani kwa fundi walikuwepo mzee mmoja na redio yake, vijana wawili wa chaja, na shoga yangu huyo huyo, aliyenisindikiza "kunipa moyo".

Fundi akaigeuza laptop. Punje zikamwagika mezani.

"Dada, hii nini?"

"Sukari."

Akachukua punje moja. Akaonja. Akaniangalia. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Akanivutia kiti. "Kaa. Nionyeshe unavyofanya kazi kule kwako, vilevile, usiache kitu." Nikakaa. Nikafungua, inawaka. Nikachapa jina langu, inawaka. Fundi amejikunja mikono. Nikatoa simu kwenye pochi, ile yenye kava jipya la kukunja, nikakunja ulimi wake kwa nyuma, nikailaza kushoto, chini kidogo ya kibodi, pale unapoegemeza kiganja.

Giza.

Nikaruka! Ndugu zangu, niliruka kama timu yangu imefunga. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Nilisema mimi!" Nikamshika mzee wa redio bega awe shahidi. Vijana wakasogea. Hata muuza karanga aliyekuwa anapita akasimama.

Fundi akanyoosha vidole viwili, akainyanyua simu yangu.

Mwanga.

Akailaza. Giza. Akainyanyua. Mwanga. Akafanya hivyo polepole, mara tano nilihesabu, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Mkono wangu bado uko begani kwa mzee. Kisha akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye ulimi wa kava. Ikanasa, ikaning'inia.

"Sumaku," akasema. "Kwenye fremu ya kioo kuna kisumaku, na huku chini kuna kihisi. Ukifunga laptop vinakutana, inajua imefunikwa, inalala. Wewe unaweka sumaku yako juu ya kihisi. Haiumwi hii. Umeilaza wewe."

Mzee akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, ng'wanawane, siku zote ulikuwa unaizima mwenyewe, halafu unachukua simu kuitafutia fundi?"

Muuza karanga hakuwa ameelewa. Fundi akarudia tangu mwanzo.

Yaliyobaki ni mafupi. Fundi akapuliza chumvi yote, akadai 5,000, nikalipa bila kupunguziwa. Pesa ya upatu niliyoiomba mapema kwa ajili ya kioo nairudisha Jumapili, mbele ya wanachama wote, ambao tayari wana habari ya ubani. Mwanachuo amepata ripoti yake, na jina la msimamizi nimelikosea.

Kava nililivua pale pale kibandani. Nilikuwa nalitupa, mzee wa redio akanizuia. Ana mjukuu nyumbani hazimi laptop usiku, sinema mpaka alfajiri, kusemwa hasikii.

Nikampa. Fundi akamwonyesha pa kuliweka.