Mlango Ulioandikwa "Vuta"

Nilipokwenda kwa mshauri kuomba msaada wa kuacha sigara nilitegemea nasaha, lakini yeye aliniwekea mbele pakiti nzima, kibiriti na ndoo, kisha akaniambia nivute. Tiba hiyo, iliyojaribiwa sana katika miaka ya 1970, humtaka mvutaji apige pafu moja kila baada ya sekunde 6 mpaka ashindwe kabisa, ili mwili uuhusishe moshi na kichefuchefu, kama mbwa wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, walivyozoezwa kudondokwa na mate kwa kusikia mlio tu. Kabla ya kuanza nilipimwa shinikizo la damu, kwa kuwa nikotini nyingi kwa mpigo huupeleka moyo mbio. Nami, kwa ujinga wa mtu aliyepewa sigara za bure, nikafurahi.

"Vuta," alisema, macho yakiwa kwenye saa. "Vuta."

Sigara ya kwanza ilikuwa starehe, ya pili ikawa kazi. Katika ya tatu kipisi kiliniunguza vidole, mate yakanijaa mdomoni, jasho jembamba likanitoka, na yule mama, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, akazidi kusema: "Vuta, kaka." Ndoo ilipata haki yake.

Siku tatu sikugusa sigara, na kila aliyekuwa na masikio alilazimika kusikia habari hiyo. Siku ya nne nilikwenda benki. Juu ya kitasa cha mlango wa kioo palibandikwa neno moja kwa herufi nyekundu: VUTA. Magoti yalilegea, mate yakarudi. Mlinzi, akidhani sijui kusoma, akanisogelea kwa huruma na kunisomea kwa sauti: "Vuta, kaka. Vuta!" Yaliyovipata viatu vyake sitayaeleza.

La kuudhi zaidi ni kwamba kilichonituliza pale nje kilikuwa sigara niliyoiomba kwa mpita njia, nayo ilikuwa tamu ajabu. Mshauri, nilipompigia simu, alinieleza kwamba kichefuchefu kwa kawaida hung'ang'ania ladha na harufu, si maneno, akanitaka nirudi tuanze upya.

Nilifika kwa wakati, kisha nikasimama nje robo saa nzima nikisubiri mtu yeyote atoke, kwa kuwa siku ile ya kwanza sikuwa nimeusoma mlango wake.