Beltré tunamsifia gongo, tunamsahau mkono

Akitajwa Adrián Beltré, mashabiki wa besiboli hukimbilia takwimu: mara 3,166 alipiga mpira akafika salama kwenye besi, na mara 477 aliuvusha ukuta kabisa. Hayo hayana ubishi. Ila mimi naona tukianzia hapo tunamdhulumu, kwa sababu uhodari wake mkubwa ulikuwa kuzuia, akilinda besi ya tatu, moja ya vituo ambavyo mpigaji hukimbilia.

Besi ya tatu ni mahali pa hatari. Anayeilinda husimama mita thelathini hivi kutoka kwa mpigaji, na mpira unaweza kumjia kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa. Hata hivyo, mpira wa kasi si ndio unaowaumbua wengi. Unaowaumbua ni ule wa polepole. Mpigaji ameugusa tu, unajikokota kwenye nyasi kando ya mstari, na mwenyewe anahitaji sekunde nne na ushee kufika besi ya kwanza. Beltré alikuwa akiukimbilia mbele, anainama huku bado yuko mbioni, anauokota kwa mkono wa kulia usio na glavu, na kabla mgongo haujanyooka mpira umeshamtoka mkononi, umerushwa kwa upande, unaelekea besi ya kwanza. Angesimama kupanga miguu kwanza, basi mpinzani keshafika. Nimezirudia video hizo mara nyingi na bado zinanisisimua.

Alizaliwa Santo Domingo mwaka 1979. Dodgers, klabu ya Los Angeles, walimsajili 1994 akiwa na miaka 15, chini ya umri unaoruhusiwa, na baadaye klabu iliadhibiwa kwa hilo. Mwaka 2004 alivusha mipira 48, akashika nafasi ya pili nyuma ya Barry Bonds kwenye tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Klabu ya Seattle ikamchukua kwa dola milioni 64 kwa miaka mitano, na hapo lawama zikaanza: hela imemlevya, mwaka wa 2004 ulikuwa bahati tu.

Lawama hizo sikuzikubali na sizikubali leo. Uwanja wa Seattle uliwabana sana wapigaji wa mkono wa kulia, hilo lilijulikana. Na ni hukohuko Seattle alikopata Glavu za Dhahabu mbili za kwanza, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, 2007 na 2008. Agosti 2009 mpira ulidunda ukampiga sehemu za siri, naye hakuwa amevaa kinga. Aliendelea kucheza mpaka awamu ya 14, wakati mechi ya kawaida ina tisa, na ndiye aliyefunga pointi ya ushindi. Mtu huyo ndiye aliyeambiwa amelewa hela!

Boston mwaka 2010, kisha Texas Rangers kuanzia 2011 hadi alipostaafu 2018: hapo ndipo watu walipoanza kumpenda. Walimpenda kwa vituko pia, akipiga mpira huku goti moja liko chini, akimfukuza mchezaji mwenzake Elvis Andrus kila Andrus alipomgusa kichwa. Julai 2017, siku chache kabla ya kufikisha mipigo 3,000, mwamuzi alimwambia asimame kwenye duara la kungojea zamu. Beltré akalivuta duara lenyewe hadi pale aliposimama, akatolewa mchezoni. Video hiyo imesambaa kuliko zote, na ninaipenda, lakini vijana wengi hawajaona kingine chake.

Mwaka 2024 aliingia Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, Marekani, katika kura ya kwanza kabisa, kwa asilimia 95.1. Katika historia ya ligi kuu ni Brooks Robinson pekee aliyelinda besi ya tatu katika mechi nyingi zaidi yake. Na Glavu ya Dhahabu ya tano Beltré aliipata 2016, akiwa na miaka 37, umri ambao wenzake wengi wameshahamishiwa besi ya kwanza.