Reli tunayo, safari ya Jumamosi ndiyo hatuna

Kila nikija Tanga likizo, barazani naulizwa lile lile: huko Ulaya wametuzidi nini hasa? Wanangoja nitaje mishahara au hospitali. Nikijibu kwamba wametuzidi treni ya Jumamosi, wanacheka, wanadhani nimeanza mzaha.

Sisemi treni za kasi. Hizo nazipanda kwa nadra, nauli yake inauma. Nasema treni za mikoani, zile zinazosimama hata kwenye vijiji ambavyo hujui nani anashuka. Naishi Hamburg, na tangu Mei 2023 Ujerumani wana tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket: unalipa mara moja, unapanda treni zote za mikoani na mabasi ya mjini, nchi nzima. Ilianza yuro 49, mwaka 2025 ikawa 58, mwaka 2026 ikafika 63, na kila inapopanda watu wananuna. Lakini ukiwa nayo mfukoni, kutoka mjini si jambo la kupangia bajeti tena. Unaamka, unachungulia dirishani, ukiona mvua haipo unakwenda zako. Stade, Lüneburg, Lübeck, kote huko unakwenda asubuhi na usiku unalala kwako.

Ninakokupenda zaidi ni Travemünde. Unabadilisha treni Lübeck, na kituo cha mwisho ukishuka unatembea dakika chache umefika baharini. Siku za joto behewa la baiskeli linajaa pomoni: vibibi wenye kofia ngumu za baiskeli, akina mama na vigari vya watoto, kijana na mbwa wake amelala katikati ya njia. Kila mtu ana chakula chake kutoka nyumbani. Wanafungua vikopo vyao, mayai ya kuchemsha, matango, mkate wenye jibini, na harufu ya mayai inaenea behewa zima. Hakuna anayemwambia jirani yake karibu. Miaka yote hii bado inanishangaza. Kwetu ukifungua chakula mbele ya watu bila kukaribisha, habari itafika Ngamiani kabla yako.

Na treni zao zenyewe, asikudanganye mtu. Zinachelewa, zinafutwa, na mwisho wa wiki reli ikiwa kwenye matengenezo mnashushwa nyote na kupandishwa mabasi. Nimeshagandia jukwaani na watoto wa watu wanalia. Bahari nayo, kwa mtu aliyejifunza kuogelea Raskazone, kwetu Tanga, ni barafu iliyoyeyuka jana. Watu wanajazana kule kwa sababu moja tu: kufika ni rahisi.

Sasa tazama kwetu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na waliojenga ni Wajerumani haohao. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, kilomita 129 kutoka bandarini. Hawakuijenga ili Mwanaidi apeleke watoto wake matembezi, waliijengea mazao ya mashamba yao ya Usambara. Lakini angalia inakopita! Muheza, machungwa hayo, na milima ya Amani juu yake. Korogwe na mto wake. Mombo, ukiinua kichwa tu unaiona milima, na barabara ya Lushoto inaanza kupanda hapohapo kupitia Soni. Kati ya vituo ni katani, mistari na mistari. Mji wowote wa Ujerumani ungekuwa na reli ya namna hii ungeshachapisha vipeperushi lugha sita.

Treni ya abiria ya kaskazini ilirudi Desemba 2019 hadi Moshi, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya ukimya, na 2020 ikafika Arusha. Nilifurahi kama wengine. Ila treni hiyo inatoka Dar, inapita njia ya Ruvu iliyojengwa 1963, inaikuta reli ya zamani jirani na Korogwe, kisha inapanda zake kaskazini. Tanga mjini, mahali reli yenyewe ilipozaliwa, tunabaki kando.

Najua nitakachojibiwa: basi lipo. Lipo, ndiyo. Lakini basi ni la mwenye shida ya kwenda. Kwanza utoke mjini uende stendi ya Kange kwa bajaji, wapiga debe wakugombanie, ukae upande wa jua na begi mapajani, mtoto akitaka haja ndogo umwombe dereva kama unayeomba mkopo. Mama yangu ana magoti mabaya. Basi kwake ni mateso, kwa hiyo Lushoto anaisikia kwa watu. Kwenye behewa angesimama, angenyoosha miguu, angepiga soga na asiyemjua hadi Korogwe. Na stesheni yetu iko mjini, karibu na bandari, unaifikia hata kwa miguu.

Wala si kwamba Watanzania hatupendi kutembea. SGR ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, Juni 2024, kisha ikasogea Dodoma, jamaa zangu wa Dar walianza kwenda Morogoro kula mchana na kurudi. Hawana mgonjwa kule, hawana msiba. Wanakwenda tu. Kwa hiyo hamu ipo, usafiri ndio unaoiamsha.

Tena sisi tungeifaidi kuliko wao. Lüneburg ni pazuri, sikatai, nyumba za matofali zilizojengwa kwa utajiri wa chumvi. Unazunguka, unakunywa kahawa, Jumapili maduka yamefungwa, hakuna aliyekuuliza umetoka wapi, unarudi. Shuka Muheza uone. Utamenyewa chungwa kabla hujaulizia bei, utaulizwa ukoo, na ndani ya nusu saa itagundulika shangazi yako aliwahi kupanga nyumba kwa mjomba wa muuzaji. Utachoka kwa maswali, lakini hutakaa peke yako.

Sihitaji mradi wa mabilioni. SGR ya kuja Tanga ikijengwa nitapiga vigelegele, ila ya Jumamosi isingoje hilo. Mabehewa matatu manne ya daraja la tatu, madirisha yanayofunguka, kuondoka saa moja asubuhi, kusimama Pongwe, Ngomeni, Muheza, Korogwe, mwisho Mombo, na kuwa nyumbani kabla ya isha. Iende polepole, nani ana haraka? Mji wenyewe sifa yake ni waja leo waondoka leo, basi tupewe cha kutuondoa asubuhi na kuturudisha magharibi. Wauza mihogo na machungwa wa vituoni watajipanga wenyewe, hao hawahitaji semina.

Na baiskeli zipande bure. Tanga nani hana baiskeli? Wajerumani, pamoja na tiketi yao ya nchi nzima, sehemu nyingi baiskeli wanaikatia nauli yake mbali. Hapo tungewapita siku ya kwanza.