Ukishinda Sana, Sheria Inabadilishwa

Jamani, kuna kazi tamu kama ya kutunga sheria za michezo ya maswali kwenye televisheni za Marekani? Mtu kakaa kwenye kiyoyozi, kahawa iko mkononi, anaandika: bingwa atacheza siku tano, kisha aende kwao. Miaka inapita, anaifuta sheria yake mwenyewe na wala haoni aibu. Waliofukuzwa wakiwa bado wa moto je? Hao shauri yao.

Angalia Jeopardy!, kipindi ambacho wewe unasomewa jibu na unatakiwa utoe swali. Yaani ugomvi umeanzia hapo hapo. Unajua kabisa ni Nairobi, umesema "Nairobi", lakini hukuliweka kama swali. Raundi ya kwanza mwendeshaji anakukumbusha kwa upole. Raundi ya pili hakuna cha upole: umekosa, na thamani ya swali inakatwa kwenye pesa ulizokwisha kusanya. Elimu unayo, kilichokuponza ni adabu ya kuongea.

Sasa sikia habari ya Frank Spangenberg, askari polisi wa New York. Mwaka 1990 alicheza siku zake tano akakusanya dola 102,597, wa kwanza kuvuka laki moja ndani ya siku tano. Shangwe! Kumbe kulikuwa na kikomo: hakuna anayeruhusiwa kuondoka na zaidi ya dola 75,000. Zilizobaki, dola 27,597, zikaenda kwenye hisani. Hisani ni jambo jema, nani atabisha? Lakini hisani ya lazima, kwa pesa uliyoitolea jasho mbele ya kamera, mhasibu akiwa kasimama pembeni na kikokotoo!

Haijaisha. Novemba 2001 wakapandisha thamani ya maswali yote mara mbili: swali la dola 100 likawa la 200, lile kubwa la raundi ya pili likatoka 1,000 hadi 2,000. Majibu yale yale ya Spangenberg, kwa bei mpya na dau zake zikipanda vilevile, yangekuwa dola 205,194. Halafu 2003 wakaondoa kabisa sheria ya siku tano. Mwaka uliofuata akaja Ken Jennings, akashinda michezo 74 mfululizo na kubeba dola 2,520,700. Hongera zake, mtu ni kichwa. Na kuondoa kikomo cha siku tano kulikuwa sawa, maana kumtoa bingwa ambaye hajashindwa na mtu ni uonevu. Ila msituwekee majina ya kabla na baada ya 2003 kwenye orodha moja mkatuambia nani zaidi. Yule wa zamani alifungiwa mlango wakati bado anakimbia! Wekeni mstari katikati ya orodha. Mstari ni bure.

Kitufe cha kuomba kujibu nacho kina kesi yake. Msimu wa 1984 ulikuwa unabonyeza mara tu swali linapotokea, hata kama mwendeshaji ndiyo kwanza anafungua mdomo. Mtazamaji nyumbani hajamaliza kusoma, tayari mtu kaitwa. Kuanzia 1985 ikawa lazima usubiri asome mpaka mwisho. Kuna mfanyakazi kakaa pembeni, anafungua mfumo kwa mkono, na taa zinawaka kando ya ubao, taa ambazo sisi wa nyumbani hatuzioni. Ukiwahi kubonyeza, kitufe chako kinafungwa robo sekunde. Usiidharau robo sekunde: mwenzako anakuwa ameshaitwa. Ndiyo maana unamwona mshiriki anakibonyeza kitufe kama anaua mende, uso umekunjamana. Jibu analijua huyo. Kawahi tu.

Tuje kwenye sare, hapa ndipo penye utamu. Kwenye swali la mwisho kila mmoja anaweka dau kutoka pesa alizokusanya: akipata anaongezewa, akikosa anakatwa. Kabla ya mwisho wa 2014, wawili wakilingana pesa kwenye swali la mwisho, wote ni mabingwa, wote wanalipwa, wote wanarudi mchezo unaofuata. Tuseme unaongoza na dola 20,000, wa pili ana 12,000. Akiweka zote akapata, anafika 24,000. Desturi inasema wewe uweke 4,001, umpite kwa dola moja. Mwaka 2014 akaja Arthur Chu na hesabu nyingine: weka 4,000 kamili. Mkipata wote, mmetoka sare na hujapoteza kitu. Unarudi na mpinzani ambaye umeshaona uwezo wake, badala ya kuletewa mgeni usiyemjua. Ukikosa, unabaki na 16,000 badala ya 15,999, na dola moja imeshawahi kumtoa mtu. Watu wakamchukia, kisa anarukaruka ubaoni akiwinda maswali ya dau maradufu, yale ambayo aliyelichagua anapanga dau lake mwenyewe, na anaweka dau la sare. Jamani, kosa lake lipi? Kasoma sheria!

Novemba mwaka huo huo sheria ya sare ikafa. Sasa ni swali moja la ziada, wa kwanza kubonyeza na kupata ndiye bingwa, mwingine anaaga. Kampuni haitaki kulipa mabingwa wawili, ningeelewa kama wangesema hivyo.

Ila kwa kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka, hakuna kama Press Your Luck, kipindi cha kituo cha CBS. Ubao una miraba 18, taa zinarukaruka, unabonyeza zisimame. Ikiangukia kidudu chekundu kiitwacho Whammy, pesa zako zote kinakula. Watazamaji waliamini ni bahati. Michael Larson wa Ohio akarekodi vipindi nyumbani kwenye kanda za video, akavirudia mpaka akagundua taa zina mizunguko mitano tu, na kuna miraba miwili ambayo Whammy haijawahi kukanyaga. Mwaka 1984 akaenda, akabonyeza mpaka wasimamizi wakaanza kutoka jasho, akaondoka na dola 110,237 za pesa na zawadi. Walimlipa, maana hakuna palipoandikwa kwamba kukariri ni wizi. Baada yake mizunguko ikaongezwa hadi 32. Mitano! Kwenye kipindi kinachogawa pesa! Aliyepanga ile mitano alitakiwa aulizwe yeye.

Who Wants to Be a Millionaire nayo, toleo la Marekani, Januari 2010 ikaufuta msaada wa kumpigia rafiki simu. Sababu: rafiki hafikiri tena, anachapa kwenye kompyuta huku anasema "ngoja, ngoja, nakumbuka". Hapo nawaunga mkono wenye kipindi. Sekunde 30 zilikuwa za rafiki, siyo za intaneti.

Nisichosamehe ni sheria ambayo mtazamaji anaijua siku inapomuumiza mtu. Desemba 2021 kwenye Wheel of Fortune, kipindi cha kukisia maneno yaliyofichwa, mama mmoja alikuwa anawania gari aina ya Audi. Sekunde zake 10 hazijaisha, maneno yote kayataja sahihi, lakini alinyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho. Kanuni inataka uyaseme bila kusita katikati. Gari limekwenda. Watu wakapiga kelele mitandaoni mpaka kampuni ya magari yenyewe ikampa gari. Kanuni ikabaki pale pale.

Na hao wa Jeopardy! wanaojisifu kwamba 2023 wamempandishia wa pili hadi dola 3,000 na wa tatu hadi 2,000, wataje na hili: mshiriki mpya anajilipia ndege na hoteli kwenda California. Wa tatu akitoa nauli, malazi, chakula na kodi ya serikali, hebu chukua kikokotoo cha yule mhasibu umpigie.