Funksheni ya Lambda: imefaulu kwenye laptopu, kisha?

Wasanidi wengi hawataki funksheni ya AWS Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha msimbo wako kwenye seva zake) ipande winguni kabla hawajaiona ikifanya kazi kwenye laptopu zao. Hoja yao ina uzito. Ukiandika sam local invoke, amri ya SAM, zana ya AWS ya kazi hii, Docker inafungua kontena (kisanduku cha programu kinachoiga mazingira ya Lambda), funksheni inaendeshwa, na unaweza kuusimamisha msimbo kwenye mstari wowote ukachungulia kila thamani. Intaneti ikikatika, kazi inaendelea. (Bando halisalimiki sana, maana taswira za Docker, yaani mafaili ya kuundia makontena, zenyewe humeza mamia ya megabaiti siku ya kwanza.)

Wanaojaribu moja kwa moja winguni huchukuliwa kuwa wavivu, au watu wenye hela za kuchezea. Hela ni hoja dhaifu: Lambda haitozi maombi milioni 1 ya kwanza kila mwezi, na majaribio ya mtu mmoja hayafiki huko. Wanachokikimbia hasa ni jibu la "imefaulu" lisilo la kweli.

Tazama prosesa. Lambda haikuulizi unataka prosesa kiasi gani. Inakugawia kulingana na kumbukumbu uliyoomba, na prosesa 1 kamili huipati mpaka ufikishe MB 1,769. Usipogusa mpangilio, unapewa MB 128. Gawanya: ni kama sehemu 1 kati ya 14. Sasa chukua funksheni ya kupunguza ukubwa wa picha, inayohitaji nusu sekunde ya prosesa nzima. Kwenye laptopu hata huoni imepita. Kwa MB 128 inaelekea sekunde 7, na kikomo cha muda usipokibadilisha ni sekunde 3. Inakatwa kabla haijafika hata nusu. Kontena la kwenye laptopu linakiheshimu kikomo hicho hicho cha sekunde 3, ila halikupunji prosesa kwa mgao ule, kwa hiyo jaribio litafaulu kila ukilirudia.

Ruhusa nazo ni hivyo hivyo. Kwenye laptopu funksheni inatumia funguo zako za AWS, ambazo mara nyingi ni za msimamizi mwenye kila kitu. Winguni inatumia wajibu (role) wake yenyewe wa IAM, mfumo wa ruhusa wa AWS, na ukisahau kuuruhusu usome hifadhi ya mafaili ya S3, unapokewa na AccessDenied, yaani umenyimwa ruhusa.

Hesabu tupu, mfano kukokotoa makato au kukagua namba ya simu, zijaribiwe kwenye laptopu, tena bila Docker: funksheni za kawaida zinazoitwa na jaribio la kawaida. Ninayoitilia shaka ni ile hatua ya katikati, ya kuigiza wingu zima nyumbani. Hata kero ya kusubiri kupakia imepungua, kwa kuwa sam sync --watch hupeleka badiliko la msimbo kila unapohifadhi faili. Mwenye intaneti ya kusuasua ataendelea kuliigiza wingu, na sina cha kumlaumu, mradi asiifungulie wateja funksheni ambayo haijawahi kukimbia kwa mgao wake halisi wa kumbukumbu na kwa ruhusa zake yenyewe.