Mustang ya kijani: kulipaka upya au kuliacha lilivyo?

Januari 2020, kwenye mnada wa Mecum mjini Kissimmee, Florida, Ford Mustang ya 1968 iliuzwa dola milioni 3.74, ada ya mnada ikiwemo. Haikuwa inang'aa. Kijani chake kilikuwa kimepauka, bodi ina michubuko na mibonyeo, viti vimechoka. Ni gari aliloendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt. Familia ya New Jersey ililinunua 1974 kwa kama dola 6,000, mama wa familia hiyo, mwalimu, akawa anaendea nalo kazini. Klachi ilipokufa mwaka 1980 likaegeshwa. Lilipooneshwa hadharani 2018, lilikuwa limetengenezwa linawaka na kutembea, lakini rangi hawakuigusa.

Tangu hapo, wanaotaka magari ya Marekani ya enzi ile yaachwe yalivyo hulitaja hili kama ushahidi. Kwangu ni ushahidi dhaifu. Zile milioni zililipiwa jina la McQueen, na hata lingepigwa rangi mpya bado lingeuzwa ghali. Halituambii mengi kuhusu Mustang ya kawaida ya 1968, yenye injini ileile ya V8 ya lita 6.4, iliyolala gerejini kwa babu wa mtu.

Wanaopendelea kulifumua gari lote na kulijenga upya wana hoja zenye uzito. Kutu hailali. Mipira ya breki huzeeka, na paipu za mafuta za miaka ya sitini hazikutengenezwa kwa petroli ya leo iliyochanganywa ethanoli, yaani pombe. Hukauka, hupasuka, na petroli ikidondokea injini yenye moto hakuna atakayeuliza kama paipu ilikuwa orijino. Tairi nazo huzeeka hata gari likiwa limesimama. Halafu kuna jambo ambalo wahafidhina hulikwepa: magari haya yalibuniwa yang'ae barabarani. Kuyaacha yachakae na kuuita uchakavu huo historia, wakati mwingine ni uvivu tu uliopewa jina zuri.

Ila ukichuchumaa ukachungulia chini ya ile Mustang, hoja ya upande wa pili inajionesha yenyewe. Ubavuni kwa chini vimebaki vyuma vilivyochomelewa na watu wa filamu ili kushikilia kamera. Fundi hodari wa bodi, anayelirudisha gari "kama lilivyotoka kiwandani", angevikata kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na angekuwa sahihi: kiwanda cha Ford cha San Jose hakikuviweka. Nembo zilizong'olewa kwa ajili ya filamu angezirudisha pia.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Anayelijenga gari upya lazima achague tarehe. Ni siku lilipotoka kiwandani? Siku ya kupigwa picha za filamu San Francisco? Au asubuhi mwalimu alipolikanyagia klachi kwa mara ya mwisho? Akichagua moja, nyingine anazifuta kwa msasa na puti. Tena kazi yenyewe huwa nzuri kupita kiasi: milango inakaa sawasawa na rangi inang'aa kuliko kiwanda kilivyowahi kuitoa. Gari linapendeza, ila linaidanganya enzi yake.

Kwa hiyo mstari wangu nauchora hivi: kinachosimamisha gari, kinacholilisha mafuta na kinacholibeba kibadilishwe bila huruma, kile cha zamani kiwekwe kwenye boksi. Rangi, viti na makovu viachwe, isipokuwa pale kutu ilipoanza kula chuma.

Mstari huo una mpaka wake. Filamu ile ilitumia Mustang mbili zenye namba za chasisi zinazofuatana, moja ikiishia 558, nyingine 559. Hii ya mamilioni ni 559. Ya 558, iliyopigishwa miruko kwenye vilima, ilikuja kupatikana Baja California, Mexico, bodi tupu iliyopakwa rangi nyeupe, na waliokuwa nayo wakipanga kuigeuza nakala ya Mustang ya filamu nyingine kabla namba yake haijasomwa. Kwa gari lile, kumwambia fundi "acha lilivyo" kungekuwa mzaha. Hakukuwa na injini, wala viti, wala kijani cha kuhifadhi.