Damu Yangu Mnaipima, Mimi Hamniulizi

Nina selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Nimekulia Moshi, sasa naishi Arusha, na hospitali za mikoa hii miwili nazijua kuanzia dirisha la kadi mpaka wodini. Naandika kwa sababu ya swali moja ambalo daktari wa zamu ya usiku haniulizi: "Wewe kwa kawaida huwa unakuwaje?" Lingeulizwa hilo tu, sehemu kubwa ya mateso yetu ingeisha kabla dawa haijatoka stoo.

Tuanze na damu yenyewe. Chembe nyekundu za mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Zetu hupinda, hukakamaa na kuvunjika baada ya siku 10 mpaka 20, na mwili hauwahi kuzifidia zote. Wingi wa damu yangu ni 7. Ni 7 hata nikiwa mzima kabisa, siku niliyofua asubuhi, nikaenda soko la Kilombero na kurudi na kikapu kimejaa. Macho nayo yana umanjano kidogo, yako hivyo tangu shule ya msingi. Daktari asiyenijua akiiona hiyo 7 anashtuka, anaandika niongezewe damu, na ndugu zangu wanaanza kupigiwa simu usiku wakatafute wa kuchangia. Nikisema, "Dokta, hii ndiyo yangu ya siku zote," ananiangalia kama mtoto anayekataa dawa.

Damu si maji ya kunywa. Ukiongezewa mara kwa mara bila sababu, madini ya chuma yanajikusanya kwenye ini na moyo, na mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu za watu wengine, hadi siku unayoihitaji kweli ikawa kazi kupata inayokubaliana nawe. Maumivu peke yake, damu ikiwa haijashuka chini ya kiwango cha mgonjwa mwenyewe, si sababu ya kuongezewa. Lakini utakijuaje kiwango cha mgonjwa mwenyewe bila kumuuliza au kufungua daftari lake?

Hilo ni upande wa kitu kinachoonekana kwenye karatasi ya maabara. Maumivu hayaonekani popote. Chembe zilizopinda zinaziba mishipa midogo, mfupa unakosa oksijeni, na mtu anasikia kama anavunjwa kutoka ndani. Hakuna kipimo cha damu wala picha itakayoandika kwamba huyu anaumwa kiasi hiki. Kipimo ni mdomo wa mgonjwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hapa maiti anaongea, tena kwa Kiswahili fasaha, ila haaminiwi.

Nimeshaambiwa napenda sindano. Nimesikia nikiitwa teja, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, kwa sababu nilitaja jina la dawa inayonisaidia na kiasi chake. Mgonjwa wa kisukari akitaja vipimo vya insulini yake anasifiwa kwamba anajijali. Mimi nikitaja morfini nahesabiwa kuwa na lengo lingine. Wengi wetu tumejifunza kuficha tunachokijua, tunajifanya wageni wa ugonjwa wetu wenyewe, ili daktari aone ni yeye aliyeamua.

Kuna na hili la kutolia. "Mtu mwenye maumivu kweli hashiki simu." Nani kasema? Mtu aliyeanza kuumwa mifupa kabla hajajua kusoma hapigi kelele kama aliyevunjika mguu jana. Anajikunja, anafumba macho, anamwandikia dada yake ujumbe ili akili iende mahali pengine. Wengine wanacheka na jirani wa kitanda. Utulivu huo tumeupata kwa miaka mingi, na unatumika kama ushahidi dhidi yetu.

Naomba niuelezee mkono wangu. Mishipa ya mtu aliyechomwa tangu utotoni inakuwa migumu, mingine imekufa. Kwangu unaokubali ni mmoja, uko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole gumba, na unataka sindano nyembamba. Usiku mmoja muuguzi alinifunga glovu juu ya kiwiko cha kulia, akapigapiga ngozi, akachagua mshipa mnene unaoonekana vizuri. Nikamwambia, "Sista, huo unadanganya, hautoi." Akajibu, "Nimeanza kazi hii hujazaliwa." Akachoma, ukakimbia. Akachoma pembeni, ukavimba. Akahamia kwenye kiganja, glovu imekaza mpaka vidole vimekufa ganzi, pamba zimetapakaa juu ya shuka. Mama yangu, ambaye ni mtu mzima kuliko wote waliokuwemo mle, akamgeukia daktari kijana na kumwambia, "Baba, mwanangu si mwongo, mfanyeni anavyosema." Walipokuja mkono wa kushoto damu ilitoka mara moja. Hakuna aliyesema neno, wakaendelea na mgonjwa mwingine.

Kwa Moshi kuna kisingizio chake cha pekee. "Wachaga hawana huu ugonjwa, wewe wa wapi?" Ni kweli selimundu imejaa zaidi Kanda ya Ziwa na Pwani. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki na kuonyesha kwamba mwenye kurithi kinasaba hiki kwa mzazi mmoja ana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana kimebaki kwa wingi kulikokuwa na mbu, na milimani kwenye baridi kikawa haba. Haba si kutokuwepo. Baba yangu anatoka tambarare ya Same, mama Musoma, na Pasua ya Moshi au Unga Limited ya Arusha utakuta watu wa kila mkoa wamepanga nyumba moja. Inakadiriwa watoto 11,000 wenye selimundu huzaliwa Tanzania kila mwaka, idadi inayotuweka kati ya nchi tano za juu duniani. Ukiulizwa kabila kabla hujaulizwa unaumwa wapi, ujue muda unapotea.

Jambo lililonifanya nikae niandike lilitokea Arusha, mwezi wa saba, baridi imeshika. Baridi ni adui yetu, na mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mifupa ilianza kama kawaida, nikanywa maji, nikajifunika, nikameza dawa za nyumbani. Usiku maumivu yakahama, yakaja kifuani, nikivuta pumzi yanakata. Nikaenda hospitali nikasema maneno ambayo mgonjwa wa selimundu hayasemi ovyo: "Leo si kawaida yangu. Hii si ya mifupa." Nikachomwa sindano ya maumivu, nikaambiwa ni yale yale, nirudi nyumbani nipumzike. Hakuna aliyeweka sikio mgongoni, wala kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Kulipokucha sikuweza kumaliza sentensi. Hospitali ya pili walinipiga picha, mapafu yakaonekana yameathirika pande zote mbili, nikawekwa kwenye oksijeni na kupewa dawa za kuua vijidudu, na hapo ndipo kwa kweli damu ilihitajika.

Shambulio la kifua kama hilo ni miongoni mwa mambo yanayotuua zaidi. Daktari yeyote aliyesoma anajua. Kwa hiyo mgonjwa anaposema leo ni tofauti, asichukuliwe kama analalamika. Anatoa taarifa ambayo mashine zitaithibitisha baada ya saa kadhaa, na saa hizo ndizo zinazoua.

Najua watakaonijibu kwamba madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Nakubali, nimewaona wamesinzia wima, na nimetibiwa na wengine ambao nitawaombea mpaka naingia kaburini. Uchache unaeleza kwa nini nilisubiri. Hauelezi kwa nini sikuaminiwa. Kuuliza kunachukua muda mfupi kuliko kubishana, na muda mfupi sana kuliko kuchoma mkono usiotoa damu. Wala usiniambie ni ujana wa madaktari wa zamu. Ugonjwa huu uliingia kwenye maandishi ya tiba ya Magharibi mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza chembe zenye umbo la mundu. Aliyeichunguza damu ile na kuziona mwanzoni, mwishoni mwa 1904, alikuwa Ernest Irons, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, na ujana haukumzuia kuangalia. Mgonjwa wao, Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, walimfuatilia kwa zaidi ya miaka miwili. Noel alirudi kwao akafanya kazi ya meno, na mwaka 1916 akafa kwa kichomi. Kifua tena.

Wenzetu wameshaandika la kufanya. Uingereza, tangu 2012, mwongozo wao unataka mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike. Madaktari bingwa wa damu wa Marekani, mwaka 2020, wakasema ndani ya saa moja, na wakasisitiza dawa ilingane na historia ya mgonjwa huyo. Hata huko kuaminiwa bado ni vita, wagonjwa wao wanalia kilio chetu, lakini angalau kuna karatasi ya kumshikia mtu.

Kwetu shida kubwa ni kwamba daktari anayenijua namkuta mchana, siku ya kliniki, nikiwa mzima. Anajua damu yangu, anajua haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulio ya maumivu, ilinifaa vipi na ilinisumbua vipi. Maumivu yanakuja saa nane za usiku, na mle kwenye chumba cha dharura mimi ni mgeni mwenye macho ya manjano. Nimejaribu kuandika maelezo yangu mwenyewe kwa kalamu kwenye jalada la daftari. Hawayasomi. Mwandiko wa mgonjwa hauna uzito.

Muhuri una uzito. Kwa hiyo ombi langu ni kwa kliniki za Moshi na Arusha: kila mgonjwa wa selimundu apewe karatasi ya nusu ukurasa, imesainiwa na kupigwa muhuri. Iandikwe wingi wa damu wa kawaida, oksijeni ya kawaida, dawa ya maumivu inayomfaa na kiasi chake, dawa inayomdhuru, mshipa unaokubali, kama amewahi kupata shambulio la kifua, na simu ya kliniki. Nakala moja ibaki chumba cha dharura. Wazazi wenye watoto wadogo waiombe hata kama haijatangazwa, na daktari akisema hakuna fomu ya namna hiyo, atumie karatasi nyeupe. Siku ya Selimundu Duniani ni 19 Juni, na kwetu huku ndipo baridi inaanza kushika. Karatasi hizo ziwe mikononi mwetu kabla ya hapo.